Habari za Nyumba Yetu, na Jinsi Tulivyompata Fundi

Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi kila mmoja amepewa sehemu yake. Katibu ameandika jinsi kikundi kilivyoanza mwaka 2015, hisa zilivyopangwa na sanduku la kufuli tatu lilivyonunuliwa. Mweka Hazina ameandika hesabu, kwa hiyo hapa hatuzirudii, mwenye swali amwendee yeye. Sisi tumepewa nyumba.

Wengi mnaiona sasa imepakwa chokaa, ina vyumba vya kupangisha na ofisi yetu upande wa barabarani. Lakini bado wapo wanaotuuliza, hata wiki iliyopita tumeulizwa sokoni, kwa nini tulihangaika na kuta za udongo wakati watu wote wanabomoa na kujenga kwa bloku na bati la msauzi. Swali hilo ni zuri. Ili lijibike vizuri ni lazima tuanzie mbali kidogo, kwenye nyumba za hapa kwetu zilivyokuwa na nani alikuwa fundi wake.

Zamani za babu zetu huku hapakuwa na kitu kinaitwa mkandarasi. Wairaqw, ambao watu wengine hutuita Wambulu, walijenga tembe. Tembe lile la kweli lilichimbwa kwenye mteremko wa kilima, nyuma limezama ardhini, mbele ndiko kuna mlango, na paa la miti na udongo limelala sawa na ardhi ya juu. Mtu akitokea upande wa juu anaweza kupita asijue kama chini yake kuna watu na ng'ombe wamelala. Ilikuwa ni kujificha, maana kunyang'anyana mifugo kulikuwa kwingi. Kazi ilikuwa ya majirani. Wanaume walichimba na kusimamisha nguzo, wanawake walibeba maji na kukanda udongo na kusiriba. Malipo yalikuwa pombe na chakula, na kesho ukiitwa kwa jirani na wewe unakwenda.

Kwa wenzetu Wamaasai wa Ngorongoro ndiyo kabisa, mama ndiye fundi mwenyewe. Yeye anasimamisha fito, anasuka matawi, anapaka samadi ya ng'ombe juu na pembeni, na mvua ikivuja usiku ni yeye anayepanda juu kuziba. Mwanachama wetu mmoja aliyezaliwa upande wa Nainokanoka alituambia kwao hakuna mwanamke anayeuliza fundi anapatikana wapi. Tulicheka siku ile, lakini baadaye maneno yake yalitusaidia, tutafika huko.

Kisha wakaja Wazungu na nyumba za mawe. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia iliyoanza mwaka 1914, Mjerumani Adolf Siedentopf alikuwa na shamba ndani ya Kreta ya Ngorongoro yenyewe, mahali ambapo leo huruhusiwi hata kushuka kwenye gari ovyo. Vita vilipokuja shamba likaachwa. Mabaki yake yapo mpaka leo karibu na mto Munge, waongozaji wa watalii wanawaonyesha wageni. Ni mawe tu.

Baada ya vita hiyo walowezi wengine, wengi wao Wajerumani tena, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na pembeni mwa msitu huku Karatu. Mwaka 1939 Vita ya Pili ilipoanza Waingereza waliwakamata Wajerumani na mashamba yao yakachukuliwa. Nyumba moja ya nyakati zile mnaijua wote, ile ya Gibb's Farm huko juu ya Tloma. Ilijengwa mwaka 1929. Mwingereza James Gibb alilichukua shamba lile mwaka 1948, na mwaka 1972 yeye na mke wake Margaret wakaanza kupokea wageni wa kulala. Nyumba ile ipo, inapokea watalii mpaka leo, na bei ya kulala usiku mmoja afadhali tusiitaje katika kijitabu cha akina mama wa hisa.

Hizi nyumba mbili tunazitaja pamoja kwa makusudi. Zote zilijengwa na wageni walioleta mitindo ya kwao, na mikono iliyobeba mawe na kukanda udongo ilikuwa ya wazee wetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Moja imekuwa rundo la mawe, nyingine ina karibu miaka mia moja na iko imara. Iliyosimama haikusimama yenyewe. Kila mwaka kulikuwa na mtu wa kupanda kwenye paa, kuzibua mfereji, kupaka pale palipobanduka. Ya kule Munge ilikosa mtu huyo.

Miaka ya 1974 hadi 1976 ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka vilimani na tembe zikabaki matuta. Nyumba zikajengwa kwa mistari, wenye uwezo wakaezeka bati. Katikati ya miaka ya 1990 Karatu ikatengwa na Mbulu ikawa wilaya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara ya lami kutoka Makuyuni ikafika mpaka lango la Ngorongoro kwa msaada wa Wajapani. Hapo ndipo mji ulipofumuka. Lodge zikaota kila kilima. Fundi mzuri akawa hapatikani, kwa sababu yupo lodge, na akipatikana anataka bei ya lodge. Na nyumba ya udongo ikaanza kuonekana ni aibu, hata kama ni kavu na ina joto wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Sisi hatuoni aibu hiyo ilitoka wapi, ila tunajua waliofaidika nayo ni wauza saruji.

Sasa tufike kwenye nyumba yetu. Mwezi wa tatu mwaka 2020 Uviko-19 ulipoingia nchini, ndege za watalii zilikoma. Aliyekuwa hapa Karatu anakumbuka. Lodge zilifunga, madereva wakarudi nyumbani, wauza mboga wakakosa wa kumuuzia, na wanachama wetu wengi walikuwa na mtoto au mume aliyekuwa akila kwa watalii. Wengine wakasema tuvunje sanduku, kila mtu achukue chake. Wakati huo huo mwenye nyumba hii alikuwa anaiuza kwa haraka. Kulikuwa na mikutano mirefu na maneno mengine hayafai kuandikwa. Mwisho tulipiga kura, waliotaka kununua wakashinda kwa kura chache sana, na waliotaka kutoka walirudishiwa hisa zao kwanza. Kwa hiyo fedha iliyoingia kwenye nyumba ilikuwa ya watu waliokubali kukaa na njaa kidogo. Tunaomba msomaji akumbuke hilo anaposoma jinsi tulivyokuwa wagumu kwa mafundi.

Nyumba yenyewe ilijengwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, wazee wa jirani wanasema ilikuwa duka. Msingi ni mawe. Kuta ni matofali mabichi ya udongo mwekundu, hayakuchomwa, na ukuta ni mnene kuliko urefu wa mkono mpaka kiwiko. Miti ya paa ni mtarakwa, ambao mchwa hawaupendi. Bati lilikuwa limeoza, ukuta wa magharibi umepasuka ufa wa kuingiza vidole, na chumba cha nyuma kilinuka ukungu.

Tukiwa bado tunashangilia ununuzi, siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, redio ikatangaza kwamba Beit al-Ajaib ya Zanzibar imeporomoka. Hili ni jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lililonusurika hata mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, na liko ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2000. Lilianguka likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili walikufa. Hatuandiki hapa kumlaumu mtu, wenye kuchunguza wapo. Lakini siku ile baadhi ya wanachama walikuja nyumbani kwetu usiku kuuliza, kama jumba la serikali linaanguka mafundi wakiwa ndani, yetu ya udongo itakuwaje? Watoto wa nani watakuwa chini yake?

Mwanachama mmoja ana kijana anafanya kazi Unguja. Tulimpigia. Yeye akatuambia habari nyingine, kwamba humo humo Mji Mkongwe ipo Zahanati ya Zamani, jengo la karne ya 19 lenye mabaraza ya mbao, lilikuwa limechakaa sana na likatengenezwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, kwa chokaa na boriti kama lilivyojengwa, na mafundi wakifundishwa kazini. Hilo linapendeza mpaka sasa. Basi tukaelewa kwamba kuna nyumba ya zamani inayotengenezeka, ila si kila fundi anaiweza.

Januari 2021 tukatangaza. Mafundi hawakuwa na kazi wakati ule, kwa hiyo walikuja wengi, na kila mmoja alisema amejenga lodge. Kama wote walijenga lodge, tulijiuliza vibanda vya sokoni vilijengwa na nani.

Wa kwanza tuliyemsikiliza kwa makini alikuwa na futi kamba mfukoni na hakuitoa. Alisimama getini akasema, "Mama, hii ni ya kubomoa, udongo huu haufai." Aliulizwa bei ya kubomoa na kujenga upya, akaitaja hapo hapo bila kuingia ndani. Tukamshukuru.

Wa pili alikuja na gari, na hati. Hapa tueleze kidogo kwa faida ya vikundi vingine. Hapa nchini ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Mkandarasi wa majengo anasajiliwa kwa madaraja, la kwanza ndilo kubwa na la saba ndilo dogo, na kila daraja lina kiwango cha mwisho cha thamani ya kazi anayoruhusiwa. Mtu yeyote anaweza kuuliza kwa Bodi kama kampuni fulani imesajiliwa. Sisi tuliuliza. Kampuni iliyoandikwa kwenye hati ilikuwepo kweli. Halafu tukapiga simu kwa kampuni yenyewe, na wao wakasema huyo bwana hawamfahamu. Alikuwa ameomba nusu ya fedha kama kianzio. Simu mbili, vocha ya shilingi elfu moja, na nusu ya akiba yetu ikabaki kwenye sanduku.

Baada ya hapo tuliacha kutangaza. Mama mmoja mtu mzima wa Rhotia ndiye aliyesema neno la maana kuliko yote ya mwaka ule. Alisema, "Msitafute fundi. Tafuteni nyumba." Maana yake tuzunguke tuone nyumba kuukuu za udongo zilizo kavu, tubishe hodi, tuulize nani anazishika. Tukajigawa wawili wawili. Tulikwenda Oldeani, Mbulumbulu, Endabash na huku huku mjini. Tuliweka sharti moja: nyumba iwe imepita masika mbili tangu ilipotengenezwa, kwa sababu kazi ya fundi ikiwa mpya siku zote inapendeza. Na tulimuuliza mwenye nyumba, si fundi. Tuliuliza alirudi alipoitwa? Alimaliza siku aliyosema? Vifaa vilivyobaki vilikwenda wapi? Swali hili la mwisho lilifungua midomo ya watu sana.

Jina moja lilitajwa katika nyumba tatu, nazo hazikuwa za jirani. Ni mzee wa upande wa Mbulumbulu, hatumwandiki jina kwa sababu mwenyewe hakutaka. Alikuja kwa miguu kutoka stendi na kisu na timazi. Hakusema bei. Aliomba ngazi, akapanda, akashuka, akachoma ukuta kwa kisu sehemu nyingi, akanusa udongo. Akauliza mvua ya hapa inapiga kutoka upande gani. Akauliza ule ufa ulianza mwaka gani, na hakuna aliyejua, ikabidi tumwite bibi wa jirani, akasema ulianza baada ya mwenye nyumba kupiga lipu ya saruji upande ule. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo.

Tatizo ni kwamba mzee hakuwa na usajili, hajui kuandika mchanganuo wa gharama, na katiba yetu inakataza kutoa fedha kubwa kama ile kwa mtu asiye na hati. Wengine wakasema tuipinde katiba. Tulikataa, maana katiba ikipindwa kwa mtu mwema itapindwa na kwa mwizi. Tukampata mkandarasi kijana wa daraja la saba, tukamuuliza kwa Bodi, tukaipigia kampuni yake akapokea mwenyewe. Tukamwambia kazi ni yako, mkataba ni wako, lakini kuta atazisimamia mzee. Hakufurahi. Alikubali kwa sababu ya corona, alituambia wazi, na sisi tulipenda uwazi wake.

Mkataba uliandikwa kwa Kiswahili, kurasa mbili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Vifaa tunanunua sisi na risiti zinabaki kwetu. Ufundi unalipwa kwa hatua: paa na mifereji kwanza, kisha kuta, kisha sakafu na milango. Hatua isipokamilika hakuna malipo ya hatua inayofuata. Na sehemu ya kumi ya kila malipo inabaki kwenye sanduku mpaka masika moja ipite.

Kazi ilianza Juni 2021, mvua zilipokatika. Paa lilikwenda vizuri, miti ya mtarakwa karibu yote ilirudi mahali pake. Ugomvi ulikuja kwenye kuta. Kijana alitaka kupiga lipu ya saruji nje kote, siku nne amalize. Mzee akaweka mwiko chini akaenda kukaa kwenye kivuli cha jirani. Siku mbili hakuna kazi, na vibarua wanadai. Tuliitisha kikao palepale kwenye udongo. Mzee hakubishana. Aligonga ukuta wa magharibi, penye lipu ya yule mwenye nyumba wa zamani, ukalia kama debe tupu. Akamwomba kijana abandue mwenyewe. Ilibanduka vipande vikubwa kama meza, na nyuma yake tofali lilikuwa tope, mchwa wamejenga njia zao humo. Saruji ni ngumu, udongo unajinyoosha na kusinyaa. Saruji inapasuka nywele nywele, maji yanaingia na hayana pa kutokea, ukuta unaozea ndani huku nje unang'aa. Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa tunafanyaje?" Tangu siku ile walifanya kazi kama baba na mwana.

Jinsi ilivyofanyika, kazi ile tulikuwa tunaijua wenyewe. Tofali zilizooza zilitolewa na kuwekwa mabichi mapya. Udongo ulichanganywa na mchanga, makapi ya ngano na samadi, ukalowekwa siku kadhaa. Wanachama walikanda kwa zamu na hatukulipa vibarua wa kazi hiyo. Mwenzetu wa Nainokanoka alitazama mchanganyiko wa mzee akasema samadi ni kidogo. Mzee alibisha, wakapaka vipande viwili ukuta wa choo, baada ya wiki cha mama ndicho kilikuwa hakina nyufa. Samadi ikaongezwa. Wasichana waliotuonea kinyaa mwanzoni, wenye kucha za rangi, mwishoni walikuwa wanagombania ukuta wa mbele. Juu ilimaliziwa kwa chokaa ya Tanga iliyolowekwa kwenye pipa kwa wiki nyingi, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Chokaa hiyo inaunguza macho, watoto tuliwazuia kabisa. Saruji tuliitumia sakafuni na kwenye mfereji wa chini tu.

Masika ya mwaka 2022 ilipopita tulikagua na mkandarasi, mzee na mwenyekiti wa kitongoji. Chumba cha nyuma hakina ukungu. Ufa haukurudi. Palibanduka sehemu moja ya ukubwa wa sahani chini ya dirisha la ofisi, kijana akaipaka siku hiyo hiyo bila kudai kitu, na fedha yake iliyobaki tukaifungua mbele yake akaihesabu.

Wapangaji wapo vyumba vyote. Kila mwaka mwezi wa saba wanachama wote wanaleta udongo na kupaka upande wa magharibi unaopigwa na mvua, asiyefika anatozwa faini ileile ya kuchelewa kikao. Mwaka huu mzee hakuja, miguu inamsumbua, alituma mjukuu wake na kile kisu. Bado gata la upande wa choo halijafungwa. Bati zake zimenunuliwa, ziko stoo, na zitafungwa kabla ya vuli.